Pengo la Kiti cha Echodu

Nilikiri kosa langu kwa mgongo wa Echodu. Uso ungenishinda. Mgongo haukuniangalia, ulikuwa na shati la kaki lililoloa jasho katikati, na kila alipokanyaga pedali lile doa lilisogea kushoto, likarudi kulia, kama kitu kinachofikiri. Tulikuwa njiani kwenda Adungosi, Jumamosi asubuhi, Juni 1975. Mahindi yalisimama pande zote mbili za barabara, marefu kunishinda, na mimi nilikuwa nimeketi upande juu ya kile kile kiti kilicholeta mambo yote.

"Echodu," nikasema, "ile picha iliyokuja na barua ya wakili, ni mimi niliyeichora."

Hakugeuka. Mtu mwenye abiria hageuki.

"Sema tena, mwalimu. Upepo umechukua."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi, na mwanamke aliyekuwa akipalilia kando ya barabara akainua kichwa. Kwa hivyo wa kwanza kuisikia siri yangu vizuri alikuwa mtu nisiyemjua, mwenye jembe.

Echodu akaendelea kukanyaga pedali. Tulipanda kilima kidogo, tukashuka.

"Ulichora kiti gani?"

"Chako. Ndicho kilichokuwa dukani siku ile."

"Na pengo? Ulichora na pengo?"

"Nilichora kila kitu."

Mgongo ukaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, nikashika keria kwa mikono miwili. Kisha nikasikia kicheko, kikitoka chini kabisa tumboni, na baiskeli ikayumba hadi karibu na mtaro.

"Basi huko London," akasema alipopata pumzi, "wanaijua fimbo ya nyanya yangu."

*

Nilikuwa nimefika Busia Januari 1973 nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, cheti cha ualimu, sanduku la bati na aibu ambayo chuo hakikuweza kuiponya. Mbele ya watoto hamsini nilisema bila shida. Mbele ya watu wazima watatu sauti yangu ilirudi ndani kama konokono. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Mama Zaitun, hatua chache kutoka barabara inayokwenda forodhani, na kwa wiki mbili za mwanzo nilimwamkia kwa kichwa tu. Wiki ya tatu akanizuia mlangoni.

"Mwalimu, hiyo shikamoo yako nimeiona. Sasa nataka kuisikia."

Alikuwa mjane mnene mwenye mikono midogo. Mumewe, dereva wa malori, alimwachia cherehani na jina zuri mjini. Mbele za watu aliniita mwalimu. Tukiwa peke yetu aliniita mwanangu. Na kila mwenye baiskeli kutoka Busia hadi Malaba alimjua, kwa sababu ndiye aliyekuwa amewaokoa abiria wao.

Wakati ule vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita boda, boda, tangu alfajiri. Keria zao zilikuwa chuma tupu. Mama Zaitun alikaa kibarazani akiwatazama wanawake wakishuka wamejishika viuno, wakijaribu kutembea kama watu wasioumia. Siku moja mwaka 1970 akachukua turubai, akashona mto mpana nyuma na mwembamba mbele, mfano wa jembe lisilo na mpini, akaushindilia sufi. Pembeni akapitisha uzi mwekundu na mweupe kwa mshono wa kwenda na kurudi, kama meno ya msumeno, na pande tatu akaning'iniza vishada. Upande wa nne, ule wa dereva, haukuwa na vishada. "Dereva hajaja kupambwa," alisema. "Amekuja kufanya kazi."

Hakuwa na karatasi yoyote ya kipimo. Alipima kwa kiganja na kwa jicho. Nilipomuuliza urefu wa kiti aliniwekea mkono wake juu ya meza, akafungua vidole: mara moja, mara mbili, na nusu. "Hicho ndicho kipimo. Nikifa nitazikwa nacho."

Pengo lilikuwa la Echodu peke yake. Kila Jumapili alimbeba nyanya yake, Asekenye, kwenda kanisani, na nyanya hakukubali kuachana na fimbo yake. Aliilaza mapajani, ikawagonga watu njiani. Aliishika wima, ikamchoma Echodu mgongoni. Jumapili moja ikaingia katika spoku na wote wawili wakaanguka mbele ya padre, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tayari kuwasalimu. Jumatatu Echodu alileta kiti dukani. Mama Zaitun akakata pengo kwenye kona ya kulia, nyuma, akalipindia ukingo vizuri kama tundu la kifungo kikubwa. Kuanzia hapo fimbo ilisimama humo wima, na Nyanya Asekenye akapita Adungosi kama gari la serikali lenye bendera.

*

Bwana Ojiambo alikuja Julai ile ya 1973, Jumatano alasiri. Mama Zaitun alikuwa amekwenda Mumias arusini na kuniomba nimwangalizie duka baada ya masomo. Gari la mgeni huyo lilikuwa limejaa kengele, pampu na taa za baiskeli. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya Nairobi. Alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa Samia, na alisalimu kama mtu wa kwetu, akiulizia mvua kabla ya kuulizia kitu kingine. Nikampa chai. Mgeni haondoki kwenye kibaraza kile bila kitu mkononi. Mama Zaitun angenifukuza.

Alikitazama kiti cha Echodu, kilicholetwa kushonwa upya vishada. Akakigeuza. Akakaa juu yake pale pale sakafuni, bila kuihurumia suruali yake nzuri.

"Mwalimu, unajua kuchora?"

Nilijua. Somo la sanaa na ufundi ndilo pekee lililonipa alama za juu kuliko wavulana chuoni.

"Hebu nichoree hiki. Juu, ubavuni na nyuma. Niwaonyeshe ndugu zetu Nairobi mambo ya Busia."

Kukataa kunahitaji sauti. Kukubali kunahitaji kichwa tu. Lakini si aibu pekee iliyonifanya nikubali, na hili nimechelewa kulisema hata kwangu mwenyewe. Nilifurahi. Nilichukua rula ya shule na penseli iliyochongwa vizuri. Kwanza nikajaribu katika daftari langu la maandalizi ya masomo, kisha nikanakili safi kwenye karatasi ya miraba. Mshono wa msumeno niliuhesabu, jino kwa jino. Pengo nililitia kivuli. Bwana Ojiambo alisimama nyuma yangu akisema, "Mkono kama huu, na unaumaliza kwa chaki." Aliniachia pakiti ya biskuti, akaenda zake.

Mama Zaitun aliporudi sikumwambia. Mwanzo sikuona sababu ya kumwambia. Baadaye muda ulikuwa umepita, na jambo lililocheleweshwa huota mizizi.

*

Barua ya wakili wa ile kampuni ya Bwana Ojiambo ilifika tarehe tisa Juni 1975, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, Mama Zaitun alinipa niisome. Alikuwa na pini tano mdomoni.

Nilimfasiria pole pole. Kwamba kampuni ile ilisajili umbo la kiti cha baiskeli huko London, tarehe sita Februari 1974. Kwamba sheria ya Kenya inalilinda hapa umbo lililosajiliwa kule. Kwamba yeye, Zaitun binti Athumani wa Busia, anaiga umbo hilo bila ruhusa. Aache kushona mara moja, atie sahihi hati ya kuahidi, na akabidhi viti vyote alivyo navyo kwa wakala, Bwana Ojiambo, atakayefika Jumamosi tarehe ishirini na nane.

"Mimi naiga?" aliuliza kati ya pini. "Naiga nani?"

"Wao, mama."

"Na wao hiki kiti walikiona wapi, ndotoni?"

Nikafungua karatasi ya mwisho. Ilikuwa imechapwa kwa wino mweusi, safi, na nambari juu yake. Juu, ubavuni na nyuma. Meno ya msumeno niliyoyahesabu. Na kwenye kona ya kulia, pengo, na kivuli changu ndani yake.

Nikaikunja.

"Kuna nini hapo?"

"Picha ya kiti tu, mama."

Akatoa pini moja moja, akazitumbukiza katika kopo lake. Kisha akaifunika cherehani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Sikuwahi kuiona imefunikwa saa tano, hata siku ya msiba. Bila kiti kile angebaki fundi wa kupunguza suruali, mmoja kati ya wengi waliokaa kwenye vibaraza vya mji ule. Lakini nadhani hilo halikumuuma kama lile neno. Kuiga. Alilirudia mchana kutwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

*

Protus, karani wa mahakama, alikuwa jirani yetu. Nilimwendea saa ya chakula cha mchana na kumwandikia swali langu kwenye karatasi, kwa sababu palikuwa na watu. Akalisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Watu huja hapa na kesi za ng'ombe na mipaka. Wewe ni wa kwanza kuja na kesi ya mto wa kukalia." Akashusha kitabu kinene kutoka kabatini. "Kitabu hakitoki. Lakini macho yanaruhusiwa kuingia."

Sura ile ilikuwa fupi. Niliisoma siku tatu, nikila ndizi mbivu chini ya meza yake. Ilisema kweli kama barua ilivyosema: umbo lililosajiliwa Uingereza lina haki Kenya kana kwamba hati yake imevuka bahari pamoja nalo. Hapakuwa na daftari hapa kwetu la kuandikia kiti. Mtu wa Busia aliyetaka kulinda kiti chake ilimbidi apeleke habari zake London. Lakini karibu na mwisho palikuwa na maneno mengine, nikamwita Protus kwa kidole. Kama umbo hilo lilikuwa limetangazwa Kenya kabla ya tarehe ya kusajiliwa kule, Mahakama Kuu ina uwezo wa kusema kwamba haki hiyo haipo hapa.

"Kutangazwa, redioni?" nilinong'ona.

"La. Kuonekana hadharani. Kuuzwa sokoni, kupita barabarani." Akavua miwani. "Sasa tafuta ushahidi wa kiti cha kabla ya Februari 1974. Chenye tarehe. Na hapo ndipo penye kazi, mwalimu. Viti havina tarehe. Watu ndio wana tarehe."

Nilijua mahali penye tarehe. Lilikuwa chini ya kitanda changu, daftari la maandalizi la mwaka 1973, na kila ukurasa wake una sahihi ya mwalimu mkuu, aliyelikagua kila Ijumaa kwa wino mwekundu. Lakini kulitoa daftari lile ni kusema ni mkono wa nani uliolipeleka pengo London. Nikatafuta njia nyingine. Nikamuuliza Echodu kama kuna yeyote aliyewahi kupiga picha ya kiti chake.

"Nyanya anayo," alisema. "Twende Jumamosi."

Ndivyo nilivyojikuta nyuma ya mgongo wake.

Nyanya Asekenye alitupokea uani, akaitoa picha kutoka kopo la biskuti, kati ya rozari na kadi ya ubatizo. Pasaka, 1972, mhuri wa studio ya Malaba ulikuwa nyuma, na tarehe. Yeye juu ya baiskeli, Echodu ameshika usukani, fimbo imesimama. Lakini nyanya alikuwa ametikisika mpigapicha alipobonyeza, na kona ya kiti ilikuwa ukungu mtupu.

"Aliniambia nisicheke," akasema nyanya. "Sasa ukiambiwa usicheke utafanya nini?"

Njiani kurudi nilimwomba Echodu amwambie Mama Zaitun kwa niaba yangu. Alipiga pedali kwa muda.

"Mwalimu, mimi nabeba abiria. Maneno ya mtu sibebi."

*

Jumamosi ile ya tarehe ishirini na nane Mama Zaitun aliosha kibaraza, akavaa leso mpya, akapika chai kwa sufuria kubwa kana kwamba anaposwa. "Akija kuninyang'anya," alisema, "asiseme nilikuwa mchafu." Viti kumi na vinne vilivyokuwa tayari alivipanga ukutani. Protus alikuja bila tai, akatangaza kwamba hayuko kazini, amekuja kunywa chai. Wenye baiskeli waliegemea baiskeli zao barabarani, kama ishirini hivi, na kila mmoja wao alikuwa na jembe lake lisilo na mpini juu ya keria. Nyanya Asekenye aliletwa na Echodu, fimbo wima.

Mimi nilikaa kwenye kona, daftari ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Sikuwa nimeamua. Nasema kweli: picha ile ya Pasaka ndiyo niliyokuwa nikiiombea.

Bwana Ojiambo akashuka garini na tai, mfuko wa karatasi na kiti. Kilikuwa kiti cha kiwandani, cha plastiki inayong'aa, chekundu kama nyanya mbivu. Aliulizia mvua. Sauti yake haikuwa ile ya zamani; ilikuwa kama ya mtu anayeisoma. Aliponiona akateremsha macho.

"Mama Zaitun, mimi nimetumwa tu."

"Waliotumwa ndio hushika njia, baba. Kaa. Chai."

Akakaa. Akaweka kiti chake chekundu juu ya meza ya kukatia, kando ya kimoja cha turubai. Watu wakasogea. Vilikuwa ndugu. Kimoja kilikuwa kimevaa nguo za mjini.

Mama Zaitun akakishika kile chekundu, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye mshono uliochapwa. Kidole kikafika kona ya kulia, kikaanguka katika pengo.

Akakitoa, akakitia tena.

"Bwana Ojiambo. Hapa pamekatwa kwa nini?"

Akafungua karatasi zake. "Ni mapambo, mama. Imeandikwa hapa. Mapambo ya kona."

Echodu alikohoa. Nyanya Asekenye, ambaye alikuwa akifasiriwa kila neno na mjukuu wake, aliinuka kwa shida, akaja mezani, akaichukua fimbo yake na kuitia katika lile pengo la plastiki. Ikaingia. Ikasimama wima bila kushikwa.

Akasema kitu kwa Kiteso. Wenye baiskeli waliojua lugha hiyo walianza kucheka kabla ya wengine.

"Anasema nini?" aliuliza Protus.

"Anauliza," Echodu akajibu, "hao wazungu walimpima lini."

Kibaraza kizima kikaanguka kwa kicheko. Hata Bwana Ojiambo alitabasamu, kisha akalirudisha tabasamu lake mahali pake kama mtu aliyekumbuka kazi. Alipoletewa picha ya Pasaka aliitazama sana, akaigeuza, akausoma mhuri.

"Kona haionekani, mama. Hiki kinaweza kuwa kiti chochote. Na fimbo, fimbo inaingia katika tundu lolote. Mabosi wangu watasema watu wawili waliwaza kitu kimoja." Akaisogeza hati mbele, na kalamu juu yake. "Tia sahihi tu. Wakienda mahakamani itakuwa ngumu zaidi."

Mama Zaitun aliitazama kalamu. Kisha aliitazama mikono yake, ile midogo, akafungua vidole juu ya kiti chekundu: mara moja, mara mbili, na nusu. Kilikuwa sawa kabisa.

"Wamenipima mimi pia," alisema, taratibu sana, na sauti yake ikakatika katikati.

Ni sauti ile iliyoniinua. Sikuamua, nilijikuta nimesimama, na watu wazima zaidi ya ishirini wakinitazama. Niliangalia meza.

"Si watu wawili," nikasema. "Ni mimi."

"Paza, mwalimu," akasema Echodu kwa upole. "Upepo."

"Ni mimi niliyechora. Hapa, kwenye benchi hili. Kutoka kwenye kiti cha Echodu. Bwana Ojiambo alikuwa amesimama nyuma yangu." Nikafungua daftari. Nikapekua hadi ukurasa wenyewe. Kati ya somo la sehemu za kumi la darasa la nne na utenzi wa kukariri, kiti kilikuwa kimelala ukurasa mzima, na pengo, na kivuli. Chini yake palikuwa na wino mwekundu wa mwalimu mkuu: tarehe ishirini Julai 1973, sahihi, na swali.

Protus alilichukua daftari na kulisoma kwa sauti ya mahakamani. "'Mwalimu Nanjala, hili ni somo gani?'"

Hakuna aliyecheka mara hii. Walikuwa wakimtazama Mama Zaitun. Nikaona bado kuna maneno yamebaki, nikayasema haraka kabla sauti haijarudi ndani: kifungu kile, na Mahakama Kuu, na kwamba kitu kilichokwisha kupita barabarani mbele ya macho ya watu hakiwezi tena kuwa siri ya mtu mmoja London. Nikasema nitakwenda popote nitakapoitwa na kusema hivyo hivyo. Kisha nikakaa.

Bwana Ojiambo alilitazama daftari muda mrefu. Akaichukua ile hati, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Niliwapa picha," alisema, na sasa ilikuwa ile sauti yake ya zamani. "Waliniuliza imetoka wapi. Nikawaambia mpakani. Wakasema kitu cha mpakani hakina mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nitawapelekea nakala ya ukurasa huu. Wakiwa na akili watanyamaza."

Wote walingoja Mama Zaitun aseme. Alikuwa akiutazama mchoro wangu, uso karibu sana na karatasi, akihesabu meno ya msumeno kwa ncha ya pini.

"Ishirini na sita," alisema mwisho. "Sijawahi kujua ni mangapi." Akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwanangu, kuchora unajua. Kuuza ndiko hujui."

Mbele za watu wote aliniita mwanangu.

Kisha akaenda kuifunua cherehani.

*

Kampuni iliandika mwezi Agosti, mistari miwili: hawataendelea na madai. Protus aliibandika nakala ukutani mwa duka. Mama Zaitun akauliza kama sasa sisi tunaweza kukisajili kiti, na Protus akacheka kwa huzuni kidogo. Sheria ile ile iliyotuokoa ilikuwa imetufungia mlango: kimeonekana mno. Na hata kama kingekuwa kipya, ni London.

"Kiti changu kivuke bahari kwenda kutafuta baba, na mama yake niko hapa?" Alifikiri, mguu ukipiga pedali ya cherehani. "Haya. Basi ni cha barabara."

Mwaka uliofuata mafundi wengine watatu walikuwa wakikishona, na aliwapitia mmoja mmoja kuwakosoa mshono. Alinifanya nimchoree vipya, kimoja cha watoto na kimoja cha kubebea mitungi, na kila mchoro aliutaka uwe katika daftari la maandalizi, usubiri Ijumaa, uwekwe wino mwekundu. Mwalimu mkuu aliacha kuuliza ni somo gani.

Sasa ninafundisha Khunyangu. Juma lililopita mvua ilinikuta sokoni, nikachukua baiskeli ya kijana mgeni kabisa, ambaye hajawahi hata kufika Malaba. Kiti chake kilikuwa cha kiwandani, chekundu, kimefifia jua. Nilipitisha mkono nyuma, kona ya kulia.

"Hapa pamekatwa kwa nini?" nikamuuliza mgongoni.

"Hapo? Mapambo tu, mwalimu. Viti vyote viko hivyo."

Nikafunga mwavuli wangu, nikautia ndani ya pengo, ukasimama wima. Tukaenda hivyo hadi nyumbani, mvua ikininyeshea.